Umenunua mota ya zamani ya boti? Soma hii kabla ya kuingia Ziwa Kivu

Ndugu zangu, mwezi huu watu wanne wameniuliza swali moja: nimenunua boti yenye mota ya zamani, inawaka vizuri ufukoni, ikifika katikati ya ziwa inazima. Nimejibu kwa simu, nimejibu Kituku, bandari yetu hapa Goma, nikiwa nimebeba mizigo, na juzi nimejibu mlangoni kwa kanisa. Sasa naandika mara moja, kila mtu asome. Nazungumzia mota za kufunga nyuma, zile za kuchanganya esanse (petroli) na mafuta ya kulainisha, nguvu ya farasi 15 mpaka 40. Yangu ni Yamaha Enduro ya farasi 40. Niliinunua ikiwa imeshachoka, na bado inanipeleka Minova na Idjwi.

1. Ubao wa nyuma ya boti, ule unaobeba mota. Shika mota kichwani, ivute na kuisukuma. Ubao ukicheza au ukitoa maji, umeoza. Badilisha ubao kwanza, mambo ya mota yatafuata. Kaza skrubu zote mbili zinazobana mota kwenye ubao, halafu funga mota kwa mnyororo kwenye boti. Skrubu hulegea kwa mtikisiko, na Kivu ina kina cha mita zaidi ya 400. Mota ikianguka huko, hakuna wa kuizamia.

2. Esanse. Ukinunua kwa kadafi, wale wauza esanse wa barabarani, mimina kidogo kwenye chupa nyeupe na uiache itulie. Maji yakiwepo yatashuka chini na utaona mstari. Mota nyingi za aina hii zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 400 za mafuta kwa bido (dumu) ya lita 20. Tumia mafuta ya mota za boti, yaliyoandikwa TC-W3. Kama umebadilisha pistoni, saa 10 za kwanza weka mafuta mara mbili ya hayo.

3. Buji, yaani plagi za kutoa cheche. Zifungue, zisafishe, beba mbili mpya na ufunguo wake kila safari.

4. Mafuta ya gia. Mguu wa mota una skrubu mbili, ya juu na ya chini. Fungua zote, mwaga. Yakitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia: sili, ule mpira wa kuzuia maji, imekufa. Mafuta mapya yanaingizwa kwa tundu la CHINI mpaka yatoke juu. Funga ya juu kwanza, ndipo utoe mrija na kufunga ya chini haraka. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani, na gia zinasagana zikiwa kavu.

5. Pampu ya maji. Hapa naomba usisome haraka.

Ndani ya mguu wa mota kuna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa. Hilo ndilo linalovuta maji ya ziwa na kuyapandisha juu kupoza mota. Maji kidogo yanatoka nyuma kama uzi. Sisi tunasema mota inakojoa. Mota isiyokojoa izimwe palepale, hata kama umebakiza mita mia moja kufika. Na usiiwashe kamwe juu ya nchi kavu, hata kwa sekunde kumi za kumwonyesha mnunuzi sauti. Mpira ukizunguka bila maji unaungua. Weka pipa la maji, zamisha mguu, ndipo uvute kamba.

Kwetu Goma mpira huu unaisha mapema kwa sababu ya mchanga wa volkano. Ufuko wetu ni lava na changarawe kali. Ukiwasha mota kwenye maji mafupi, unavuta mchanga huo moja kwa moja kwenye pampu. Tena maji ya Kivu yana chumvichumvi nyingi, ule utando mweupe unaouona kwenye mawe ya pwani. Pole pole unaziba njia za maji ndani ya mota yenye joto. Mimi nabadilisha gurudumu kila mwaka, liwe limechoka au halijachoka.

Sasa kosa langu. Nilifungua pampu mwenyewe, nikatoa gurudumu la zamani, nikatia jipya. Nilijaribu kwenye pipa, mota ikakojoa vizuri, nikafurahi. Kesho yake nikapakia mizigo ya Minova. Karibu na Nzulo, nikiwa nimefungua mkono wa mwendo wote kwa muda wa dakika ishirini, nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Mota ikapunguza mwendo yenyewe, ikasimama. Nikavuta kamba: haizunguki. Pistoni ya juu ilikuwa imeshikana na silinda. Tulipiga kasia na abiria wawili mpaka ufukoni, jua la saa saba likituchoma. Matengenezo yalinigharimu zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia mota.

Tulipofungua tukaona sababu. Gurudumu la zamani lilikuwa na mabawa sita likiwa zima. Lile nililotoa lilikuwa na manne. Sikuhesabu. Mabawa mawili yalikuwa yamekatika zamani na kupanda na maji mpaka kwenye kona ya njia, yakakaa pale kama kizibo. Mota ikienda pole pole, maji machache yalitosha. Ikienda mbio, hayakutosha.

Kwa hiyo:

Hesabu mabawa. Likikosekana hata moja, litafute. Fungua thermostati (kile kifaa kinachofungua njia ya maji mota ikipata joto) kama mota yako inayo, puliza hewa au maji kutoka JUU kwenda chini, ili kipande kirudi njia kilikopandia. Ukipuliza kutoka chini unakisukuma ndani zaidi.

Kuna kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoshika gurudumu kwenye mhimili. Kikianguka, mhimili utazunguka na gurudumu litasimama. Kibandike kwa grisi kidogo tu kisiteleze unapofunga.

Paka mabawa sabuni ya vyombo. Unaposhusha kikombe cha pampu, zungusha mhimili kuelekea upande wa mishale ya saa, ukiangalia kutoka juu, ili mabawa yalale upande yatakaokwenda kazini.

Ukimaliza, usiamini mkojo peke yake. Funga boti ufukoni kwenye maji marefu, endesha mota dakika kumi kwa nguvu ya kati, halafu dondoshea maji kwenye kichwa cha silinda. Yakichemka na kulia kama yameanguka kwenye sufuria ya mafuta, kuna mahali maji hayafiki.

6. Elisi, yaani yale mapanga yanayosukuma maji. Ivue kila mwezi. Uzi wa nyavu ukijizungusha nyuma yake unakata sili, ndipo unarudi kwenye ile hatua ya maziwa. Beba pini ya akiba na koleo.

7. Kuendesha. Ile kamba ya kuzimia mota ifunge mkononi. Ukianguka bila hiyo, boti inajizungusha yenyewe na elisi inakurudia. Ondoka asubuhi, kwa sababu mchana upepo unaamka, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane ule wa kusini hauna huruma. Wimbi usilipokee ubavuni, na pua isiligonge moja kwa moja: pokea kwa pembeni kidogo. Usipunguze mwendo ghafla, kwa sababu wimbi lako mwenyewe linakufuata na kupanda juu ya ule ubao wa nyuma, na boti nyingi za zamani zina ubao mfupi. Mizigo iwekwe chini na katikati. Jile (koti la kuokoa maisha) kwa kila mtu, na ivaliwe, isikaliwe kama mto. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka tukiitazama kutoka Kituku, imejaa kupita kiasi. Walikuwa wamebakiza mita mia chache. Tangu siku hiyo sipakii mtu asiye na jile, hata akiwa mjomba wangu.

8. Kufika. Zima mota kabla ya mawe, inua mguu, maliza kwa kasia. Jioni chomoa mrija wa esanse, acha mota imalize esanse iliyobaki kwenye kabureta mpaka izime yenyewe. Isimamishe wima maji yote yatoke.

MASWALI

Kijana wa Birere: Mkubwa, yangu inazima ikienda mbio. Shida ni nini?

Mwandishi: Farasi ngapi? Inazima ghafla au inachoka? Inakojoa? Kichwa kina moto? Nimeandika yote hayo hapo juu ili usiniulize hivyo.

Kijana wa Birere: Farasi 25. Inachoka tu, baada ya dakika kama tano. Inakojoa, haina moto. Nikisubiri kidogo inawaka tena.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Angalia kile kipira cha kukamua kwenye mrija. Kama kimebonyea chenyewe kama kimenyonywa, kizibo cha hewa juu ya tangi kimefungwa. Esanse inatoka, hewa haiingii, mwisho mota inakosa kitu cha kunywa. Kifungue ukiwa safarini, kifunge ukifika.

Kijana wa Birere: Ni hicho kizibo!! Aksanti yaya. Nilikuwa nimeshaagiza kabureta nyingine.

Papa Olive: Fundi wangu amefanya kazi hii miaka ishirini. Anasema mafuta ya gari yanatosha, na 100 kwa 1 ni sawa. Wewe unawatia watu hasara.

Mwandishi: Papa, simjui fundi wako na sitamtukana. Mota hizi hazina tangi la mafuta ya kulainisha kama gari. Mafuta yake ni yale tu yanayopita na esanse. Ukiyapunguza nusu, beringi na pistoni zinapata nusu. Mafuta ya gari hayakutengenezwa kuungua, yanaacha masizi kwenye buji na pete. Soma kitabu cha mota yako, ufuate kilichoandikwa. Mimi nimeshalipa silinda moja.

Mwana wa Kalemie: Swali tafadhali. Mota yangu ilifanya kazi Kalemie miaka mitatu, buji zilikuwa na rangi ya kahawia nzuri. Nimeileta Goma, esanse ileile, kipimo kilekile, buji zinakuwa nyeusi na mota imekuwa nzito. Inawezekana ziwa likabadilisha mota?

Mwandishi: Swali zuri sana, nashukuru umeangalia rangi ya buji. Siyo ziwa, ni urefu kutoka usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, kule Kalemie, liko kama mita 770 juu ya bahari, Kivu iko mita 1,460. Huku juu hewa ni nyepesi. Kabureta inaendelea kutoa esanse ya Kalemie, lakini hewa ya kuiunguza imepungua, kwa hiyo inabaki masizi. Kwa makadirio, mota inapoteza asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Hesabu mwenyewe: hapa Goma farasi 40 zinafanya kazi kama 34.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, jikleri (kile kitundu kinachopima esanse) ndogo zaidi ndani ya kabureta, saizi moja kwa wakati, ukiangalia buji kila mara. Ya pili, elisi yenye mapanga yaliyolala zaidi, ili mota ifikie mizunguko yake bila kujikaza. Mimi ningeanza na elisi. Na tafadhali, ukiirudisha mota Kalemie, rudisha jikleri ya zamani. Huko chini hewa ni nzito, jikleri ndogo itakausha mchanganyiko na pistoni itatoboka. Mafuta usiguse: 50 kwa 1 inabaki 50 kwa 1, huku na kule.

Mwana wa Kalemie: Nimeelewa kabisa. Na elisi yangu imeandikwa namba mbili, ndizo hizo?

Mwandishi: Ndizo. Ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja. Shuka inchi moja au mbili kwenye ya pili.

Dada wa Nguba: Mimi niko Bukavu. Huku watu wanasema gesi ya Kivu ndiyo inazima mota upande wenu. Kweli?

Mwandishi: Hapana, dada. Gesi ile imeyeyuka ndani ya maji ya kilindini, mota inavuta hewa ya juu. Kinachoweza kukudhuru ni mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mabondeni kando ya ziwa, hasa magharibi ya Goma. Haina rangi. Asubuhi kabla ya upepo usishuke kwenye shimo kutengeneza boti, na usimwache mlinzi alale ndani ya boti iliyovutwa bondeni. Ukiona panya au ndege wamekufa hapo, hamisha boti.

Mama Furaha, Kalehe: Ya kwangu ilianguka majini jana jioni, tumeitoa asubuhi hii. Kaka yangu anataka kuikausha juani siku mbili.

Mwandishi: Mama, asiikaushe! Ikiwa ndani ya maji chuma hakipati hewa. Kutu inaanza sasa. Ilianguka ikiwa imezimwa au ikizunguka?

Mama Furaha, Kalehe: Ilikuwa imezimwa. Tulikuwa tunaihamisha.

Mwandishi: Afadhali. Toa buji, lalisha mota matundu ya buji yakitazama chini, vuta kamba pole pole mpaka maji yaishe. Ikigoma kuzunguka msilazimishe. Mwaga esanse yote ya kabureta. Tia vijiko viwili vya mafuta ya TC-W3 kila silinda, vuta tena, rudisha buji kavu, iwasheni leo hii kwenye pipa, iendeshwe hata nusu saa. Ingeanguka ikizunguka ningesema msivute kabisa, maana maji hayabanwi na fito ya pistoni inaweza kuwa imepinda.

Mama Furaha, Kalehe: Imewaka saa kumi! Moshi mwingi mno.

Mwandishi: Moshi ni yale mafuta mliyotia, utaisha. Kesho fungua skrubu ya chini ya gia, toa matone machache tu, niambie rangi yake.