Kubadilisha pikapu za gita la umeme: jua unataka sauti gani kabla hujatoa hela

Watu wengi wakitaka kubadilisha pikapu, yaani kile kinasa sauti kinachokaa chini ya nyuzi, wanakuwa wameshachagua kampuni ila sauti hawajachagua, na ndo maana wanatoa hela nyingi halafu gita linabaki vilevile au linaharibika zaidi. Anza na gita lako lilivyo leo. Lichomeke kwenye ampu (mashine ya kukuza sauti) bila distoshen, yaani ule mkwaruzo wa makusudi, bila efekti yoyote, piga taratibu, sikiliza kinachokukera hasa ni kipi. Ni mvumo wa umeme? Ni nyuzi nyembamba zinachoma masikio? Au ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) noti zinagandana huwezi kuzitofautisha? Halafu weka nyuzi mpya, jaribu kebo ya mtu mwingine, na pandisha au shusha pikapu iliyopo kwa zile skrubu zake za pembeni, hiyo ni bure kabisa na mara nyingi tatizo linaishia hapohapo.

Kama bado, sasa tuongee pikapu.

Pikapu ni sumaku na waya wa shaba mwembamba sana uliozungushwa maelfu ya mara, uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku unazaa umeme kidogo kwenye ile koili na huo ndo unaokwenda kwenye ampu. Basi. Unacholipia ni aina ya sumaku, wingi wa mizunguko, na koili ni ngapi.

Yenye koili moja, singo koili, ndo ile ya gita la Stratocaster la Fender lililotoka 1954. Sauti yake iko wazi, inang'aa, kila noti inasikika peke yake. Ubaya wake inanasa na umeme wa ukumbini, taa za tyubu, jenereta, yaani ule mvumo unaotokana na umeme wetu wa hezi 50 unausikia kila ukiacha kupiga. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson akaja na dawa: koili mbili pembeni kwa pembeni, zimeunganishwa kinyume na sumaku zimegeuzwa, kwahiyo mvumo wa hii unafuta wa ile lakini sauti ya uzi inajumlishwa. Hiyo ndo hambaka. Nene, imejaa, ila ule mng'ao wa juu unapungua. Katikati yao kuna P-90 ya Gibson ya tangu 1946, koili moja ila pana, sauti imeshiba na mvumo upo palepale.

Sasa hapa nisikilize vizuri kama unapiga rumba, sebene, benga au dansi. Ushauri mwingi wa mitandaoni umeandikwa na wapiga roki ambao wanataka ampu ikwaruze, wanasifia pikapu kali zenye nguvu kubwa. Sisi gita la solo linatakiwa lipite juu ya besi, kinanda, tumba na gita jingine moja au mawili, na noti zinakuja za haraka mfululizo, ukiweka hambaka nzito pale kila kitu kinamezana na fundi mitambo ataishia kukuongezea sauti tu badala ya kukusafisha. Kwa solo mimi nasema singo koili ya nguvu ya kawaida. Kama mvumo unakusumbua chukua zile zisizo na mvumo, koili mbili zimepangwa juu na chini ndani ya umbo lilelile la singo koili, zinapoteza mng'ao kidogo lakini kwenye kumbi zetu zinastahili. Au nunua seti ya pikapu tatu ambayo ya katikati imegeuzwa, hapo swichi ya kuchagulia pikapu ikiwa namba 2 au 4 mvumo unakufa wenyewe. Anayepiga kanisani leo pambio kesho roki, hambaka upande wa brij (pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gita) na singo koili mbili zilizobaki inatosha sana.

Kuhusu zile namba za omu, yaani ukinzani wa waya wa pikapu. Singo koili ya kawaida ya Stratocaster iko kama kilo-omu 6, hambaka ya kizamani kama 8, kali zinafika 14 hadi 16. Watu wanadhani namba kubwa ni pikapu bora, hapana, waya ukiwa mwembamba zaidi namba inapanda tu hata kama nguvu haijapanda sana. Itumie kulinganisha pikapu za aina moja tu. Sumaku nazo: alniko 2 ni laini, alniko 5 iko wazi na ina nguvu zaidi, seramiki ni kali. Gita nyingi za bei rahisi ukigeuza pikapu unakuta kipande cha seramiki kimegundishwa chini, hapo ukiweka alniko 5 tofauti utaisikia.

Kabla hujalipa fungua gita upime. Shimo la singo koili haliwezi kumeza hambaka kubwa bila kuchonga mbao, na plastiki ya juu nayo itabidi ubadilishe. Pima pia uzi wa kwanza hadi wa sita pale pikapu inapokaa, hambaka zinauzwa kwa upana kama wa milimita 50 na wa 53. Kitufe cha volyumu kiwe cha kilo-omu 250 kwa singo koili na 500 kwa hambaka, ukikosea sauti inafifia au inachoma. Pikapu zinazotumia betri kama nyingi za kampuni ya EMG zinataka volyumu za kilo-omu 25, usichanganye na za kawaida hivihivi.

Ukishampelekea fundi wa lehemu usimwache abahatishe rangi za waya, kila kampuni ina zake. Seymour Duncan yenye waya nne: nyeusi ndo ya sauti, kijani na ile isiyo na ganda zinakwenda ethi, nyekundu na nyeupe zinaungwa pamoja na kufungwa tepu. DiMarzio nyekundu ndo ya sauti, nyeusi na nyeupe ndo zinaungwa, kijani inakwenda ethi na ile isiyo na ganda. Kabla hamjafunga skrubu zote gonga kila pikapu kwa bisibisi taratibu usikie kama inaita kwenye ampu, na ukiwasha mbili pamoja sauti ikawa nyembamba kama imetobolewa katikati, zinapingana, geuza waya mbili za pikapu moja.

Mwisho ni pikapu ikae juu kiasi gani. Bonyeza nyuzi freti ya mwisho kabisa, kwa singo koili anza na nafasi kati ya uzi na pikapu ya milimita 2 na nusu upande wa nyuzi nene na 2 upande wa nyembamba, halafu sogeza kidogokidogo kwa sikio. Zikiwa karibu mno sumaku inavuta uzi na gita halikubali kutyuni, hasa nyuzi nene ukipiga juu.