Kupima joto la matumbawe ya Kisite ukiwa Entebbe

Watu hunitania: Uganda haina bahari, sasa wewe na matumbawe mnajuana wapi? Kazi hii, ya kukisia kama joto la maji linayapausha (kuyafanya meupe), inataka bando, programu ya Excel na subira. Kuzamia tunawaachia wenyewe wa Shimoni, kijiji cha pwani jirani na Kisite.

Hatua ya 1: Chagua nukta. Natumia Kisite, kusini mwa pwani ya Kenya: latitudo -4.7, longitudo 39.4. Alama ya kutoa usiisahau. Mimi niliisahau, nikaletewa safu tupu kuanzia juu hadi chini, nikalaumu mtandao nusu siku. Kumbe 4.7 kaskazini ni malisho ya Waborana, kusini mwa Ethiopia.

Hatua ya 2: Shusha data. Mradi wa Coral Reef Watch wa NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani, una rekodi za setilaiti za kila siku tangu 1985, kwa miraba ya kilomita 5. Kwenye ERDDAP, seva ya kushushia data hizo, weka nukta yako, tarehe, na muundo wa CSV, ambao Excel huufungua. Ukishusha ramani ya dunia nzima bando litaisha kabla ya chai. Chukua CRW_SST (joto la maji) na CRW_HOTSPOT (ziada ya joto juu ya kigezo cha hatua ya 3). Anza na Januari hadi Juni, maana pwani ile maji huiva zaidi Machi na Aprili.

Hatua ya 3: Jua kigezo. Hapa ndipo wengi hupotea. Hakuna digrii moja inayopausha matumbawe yote. Kila mwamba umezoea joto la kwao. Kigezo ni wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote mahali pale. Chukua siku yoyote yenye ziada, toa CRW_HOTSPOT kwenye CRW_SST, umekipata. Wastani wa mwaka haufai kabisa: niliwahi kuutumia, jedwali likapiga yowe kila kaskazi.

Hatua ya 4: Jumlisha. Ziada isiyofika digrii 1 iache. Zilizobaki zijumlishe kwa siku 84, gawanya kwa 7. Kama ziada iko safu ya C, andika mstari wa 85, safu ya D:

=SUMIF(C2:C85,">=1")/7

kisha vuta fomula chini.

Tuseme kigezo ni digrii 28.9 na maji yamekaa digrii 30.3 kwa wiki tatu. Ziada 1.4 mara siku 21 ni 29.4, gawanya kwa 7, unapata 4.2. Siku yenye digrii 29.6 haihesabiwi, ziada yake ni 0.7 tu. Ikifika 4, tarajia kupauka. Ikifika 8, tarajia na vifo. Maji yakipoa namba haishuki papo hapo, kwa sababu siku za joto bado zimo ndani ya zile 84. Kwa hiyo ukiona 5 mwezi wa Juni, tazama kwanza safu ya joto.

Hatua ya 5: Piga simu Shimoni. Setilaiti inaona uso wa maji tu, na rekodi hizi ni za usiku ili jua lisidanganye. Chini huko hali yaweza kuwa nyingine. Mimi humwuliza nahodha: "Mzee, yanang'aa meupe, au yameota ukoko wa mwani?" Yanayong'aa meupe mara nyingi bado yako hai, yamepoteza tu vijimea vya mwani vinavyoyalisha. Yenye ukoko yamekufa. Jibu lake naliandika safu ya E, kando ya namba, pamoja na kina alichozamia.