Kumsomea Mtu Karata Tatu za Taroti

Taroti ni karata za picha zinazotumika kutafakari au kubashiri. Seti yake ina karata 78: kuu 22, na ndogo 56 zilizo katika makundi manne: Vikombe, Panga, Fimbo na Sarafu. Kabla ya kuzichanganya, msaidie mwulizaji kunyoosha swali lake. "Nitapata kazi?" linakubana kwenye ndiyo au hapana, "Nifanye nini nipate kazi?" linakupa pa kushika. Achanganye, akate, kisha weka karata tatu kwa safu kutoka kushoto: hali ilivyo, kizuizi, hatua ya kuchukua.

Usianze na moja moja. Tazama zote kwanza. Karata kuu zikiwa mbili au tatu, jambo ni zito. Vikombe vikizidi, hisia ndizo zinazosukuma. Panga ni mawazo na maneno, Fimbo ni ari, Sarafu ni fedha na kazi ya mikono. Halafu ziunganishe kwa sentensi moja. Zikitoka Nane ya Sarafu, Mbili ya Panga na Mpumbavu (karata kuu): unajifunza ufundi kwa bidii, lakini umekwama kwenye uamuzi; anza, hata bila uhakika wote.

Kosa linaloharibu usomaji ni kuongeza karata kila jibu lisipopendeza. Na karata kuu ya Kifo ikitokea, sema upesi kwamba ni mwisho wa kipindi fulani, si msiba. Mtu ameshashtuka kabla hujafungua mdomo. Aliyeuliza kuhusu ugonjwa mwelekeze hospitali.