Canter ikianza kutiktik: masikio kwanza, spana baadaye

Juni na Julai Makambako kuna baridi ya kung'ata, na ndiyo miezi ninayoamkiwa sana na neno moja: "Fundi, tapeti hizo." Lori limelala nje usiku kucha, likiwashwa linalia tik-tik-tik kama cherehani. Dereva ana viazi vya kufikisha Dar, anataka kava lifunguliwe, tapeti (skrubu za kuseti nafasi ya valvu) zibanwe, aondoke. Zamani nilikuwa namtii. Siku hizi namwambia akae tunywe chai, na utingo wake namwita pembeni. Utingo ndiye anayejua mlio ulianza lini, unazidi mlimani au kwenye tambarare, unapotea injini ikipata moto au la. Dereva amekwisha kuuzoea.

Ninazungumzia Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33, dizeli ya silinda nne, lita 4.2, kwa sababu ndizo zilizonilea. Pampu ya nozeli ni ya kimakenika, kila nozeli (kinyunyizio cha dizeli) ina bomba lake, na tapeti zinasetiwa kwa mkono. Kama gari lako ni la komoni reli, yaani dizeli ya kisasa inayoongozwa na kompyuta, soma kwa kujifurahisha tu, maana mambo mengine humu yatakuumiza.

Anza na oili. Chomoa kijiti, angalia kiwango, kisha nusa. Oili iliyopungua utaiongeza usikilize tena. Ikinuka dizeli na imekuwa nyepesi, usiendelee na safari, kwa sababu kuna dizeli inavuja kuingia ndani na metali (beringi za ndani ya injini) zinakosa kinga. Zile chupa za dawa ya kunyamazisha tapeti achana nazo. Zilitengenezwa kwa injini ambazo tapeti zake hujaa oili na kujirekebisha zenyewe. 4D33 haina tapeti za namna hiyo. Hela hiyo nunua filta.

Sasa mlio wenyewe. Liache lori kwenye sailensa, bila kukanyaga mafuta, halafu shika bomba moja la nozeli kwa vidole viwili. Utahisi linapiga kama mshipa wa mkono. Kila pigo ni dizeli inayoingia silinda ile, na huja mara moja kila krenki (mhimili mkuu wa injini) ikizunguka mara mbili. Sikiliza tik huku umeshika. Ikienda sawasawa na pigo, tik moja pigo moja, kelele inatoka upande wa valvu au nozeli, au ekzosi inayovuja. Zikiwa mbili kwa kila pigo, mlio unafuata krenki yenyewe, na hapo tumbo langu hunikata kidogo. Mimi hufumba macho. Vijana wa gereji hucheka, lakini na wao sasa wanafumba.

Baada ya hapo chukua bisibisi refu, ncha kwenye injini, mpini mfupani karibu na sikio. Pitia juu ya kava la tapeti silinda kwa silinda, teremka kwenye bloku, gusa alteneta na pampu ya maji. Jihadhari na feni na mkanda, na kamba ya kofia ya jaketi ifiche ndani. Ukishuku alteneta, zima, toa mkanda, washa kwa nusu dakika tu. Ukikaa zaidi utachemsha injini, kwa kuwa pampu ya maji nayo inazungushwa na mkanda huohuo.

Ekzosi inadanganya mafundi wengi. Gasketi ya manifoldi (bomba la kukusanya moshi) ikipasuka, au stadi (bolti ya kuifunga) moja ikikatika, moshi hutoka kwa mapigo na mlio unafanana kabisa na tapeti. Dalili yake ni kwamba asubuhi unalia sana, chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba, mlio unapungua, halafu ukipanda mlima na mzigo unarudi. Chukua kipande cha mpira wa maji, mwisho mmoja sikioni, mwingine upitishe kwenye viungio vya manifoldi. Penye tundu patakupuliza sikio. Pia tafuta masizi meusi mapya. Gasketi na stadi ni kazi ya nusu siku, bila kugusa tapeti hata moja.

Nozeli nazo zina namna yake. Ile washa (pete bapa) ya shaba chini ya nozeli ikichoka, mgandamizo unapenya na kuacha lami nyeusi ngumu kuzunguka shimo. Ukiiona, umekwisha kuupata ugonjwa. Usipoiona, legeza nati ya bomba la nozeli moja kwa nusu mzunguko, injini iko sailensa, funga tena, hamia inayofuata. Weka kitambaa juu na vaa miwani, wala usiweke kidole penye upenyo: dizeli ya presha hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na hapo unapelekwa hospitali haraka hata kama kidonda ni kama cha sindano. Silinda ikizimwa hivyo na mlio ukapotea, ugonjwa uko kwenye uchomaji au nozeli ya silinda ile, au konrodi yake (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Mlio usipobadilika kabisa, ndipo nafungua kava la tapeti.

Hapo nina deni la zamani. Mwaka wangu wa pili wa kushika spana peke yangu alikuja mzee mmoja na Canter yake. Nikamwamkia, akasema, "Marahaba. Mwanangu, huu mlio unaniumiza kichwa." Nikabana tapeti zote hadi injini ikawa kimya kama imezimwa. Akafurahi, akaniachia na hela ya soda. Wiki chache baadaye akarudi: gari limemlemea kwenye mlima Kitonga akipandisha mzigo kutoka Dar. Nikafungua silinda hedi, nikakuta valvu ya kutolea moshi ya silinda ya 3 imeungua ukingoni kama chapati iliyosahauliwa. Valvu ikipata moto hurefuka. Isipoachiwa nafasi haikai vizuri kwenye kiti chake, na kitini ndipo inapopoozea. Valvu niliinunua mimi.

Kwa hiyo tapeti inayolia kidogo naivumilia. Ninayoiogopa ni iliyo kimya. Nafasi ni milimita 0.40, valvu za kuingiza na za kutoa, na hupimwa injini ikiwa baridi kweli. Nasema lala, uje alfajiri. Zungusha krenki kwa spana huku unatazama roka (mikono inayobonyeza valvu) za silinda ya 4: pale ya kutoa inapomaliza kufunga na ya kuingiza inapoanza kufungua, silinda ya 1 iko juu, roka zake zote zinacheza. Seti 1 zote mbili, 2 ya kuingiza, 3 ya kutoa. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, useti 2 ya kutoa, 3 ya kuingiza, na 4 zote mbili. Fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Ukikaza nati pima tena, maana skrubu hupenda kufuata spana.

Kama umeseti vizuri na moja bado inalia, tazama ncha ya roka ile. Ikiwa imechimbika, fila hupita juu ya shimo kama daraja: unasoma 0.40 kumbe nafasi ni kubwa zaidi. Pushirodi (fimbo inayosukuma roka) nayo ichomoe uiviringishe juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda.

Limebaki lile la tik mbili kwa pigo moja. Mara nyingi halitiki, linagonga, zito, na bisibisi inalisikia chini kwenye bloku kuliko juu. Ukikanyaga mafuta kidogo na kuachia linaongezeka. Zima. Toa filta ya oili, ikate, tandaza karatasi yake juani. Vumbi linalong'aa, hasa lenye rangi ya shaba, ni metali za konrodi zinakwisha, na sumaku haitalinasa, kwa hiyo usitulizwe na sumaku safi. Dereva mmoja aliniambia, "Fundi, nifike Iringa tu." Nikamwonyesha karatasi ile. Tulihamisha viazi kwenye gari la jirani gunia kwa gunia mpaka saa mbili usiku, na Canter ikavutwa kwa kamba hadi uani kwangu.