Kuusoma mwamba mweusi ulio kando ya mshipa wa dhahabu

Hapa Busia wachimbaji wengi hufuata kwatsi nyeupe, jiwe gumu linalojaza mshipa, na mwamba mweusi wa kando wanautupa. Ndugu zangu, msiutupe kabla ya kuusoma.

Hatua ya 1. Chukua kipande kibichi kutoka chini shimoni. Cha juu kimeshaliwa na kutu. Kivunje, kiloweshe, kitazame kwa lenzi ya mara 10.

Hatua ya 2. Tafuta pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Ikikwaruzwa kwenye mgongo wa kigae usio na rangi ya kung'aa huacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu huacha wa njano. Kisha angalia ilivyokaa, maana hapa ndipo penye siri. Chembe ndogo zilizojipanga sawa na matabaka zilizaliwa pamoja na matope yaliyokuja kuwa mwamba huu, chini ya bahari isiyo na hewa ya oksijeni, zikanasa aseniki (elementi yenye sumu) pamoja na dhahabu kidogo sana, huenda miligramu chache tu kwa tani ya mwamba. Vipande vikubwa vya pembe nne vinavyokata matabaka vilikuja baadaye.

Miamba yetu ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ilipokandamizwa na kupata joto, pairaiti iligeuka pairotaiti, madini mengine ya chuma na salfa, ambayo haiwezi kushika dhahabu ile. Maji ya moto yenye salfa yakaibeba hadi kwenye nyufa. Yalipokutana na mwamba wenye chuma kingi, chuma kiliinyakua salfa na dhahabu ikabaki. Wapo wanajiolojia wanaosema chanzo ni lava za kale, na kwa baadhi ya migodi naona wana haki. Ndiyo maana tunapima.

Hatua ya 3. Pitisha sumaku. Pairotaiti huvutwa, lakini magnetaiti (madini ya chuma) pia: ya kwanza ina rangi ya shaba iliyofifia, ya pili ni nyeusi.

Hatua ya 4. Chonga mfereji kukatiza mshipa na mwamba wake, sampuli ya kilo 3 kila mita 1. Kwatsi mfuko wake, mwamba mfuko wake. Niliwahi kuvichanganya, na majibu ya maabara hayakunifaa kwa lolote. Omba wapime dhahabu pamoja na aseniki.

Nyundo ikitoa harufu ya kitunguu saumu, hiyo ni asenopairaiti, madini yenye aseniki. Usiichome kabisa, moshi wake ni sumu.

Hatua ya 5. Aseniki mara nyingi huandamana na dhahabu, kwa hiyo chora kiasi chake kwenye karatasi, mita kwa mita. Ikipanda kuelekea mshipa, fuata upande inakozidi kupanda, hata kama kwatsi imekatika.