Andiko la mradi: anza na bajeti

Wenzangu wa asasi ndogo, kabla hamjaandika ukurasa wa kwanza wa andiko la kuomba ruzuku, kaeni na mhasibu mpige hesabu. Nimekaa upande wa kusoma maombi ya ruzuku, na maelezo matamu yaliyobebwa na bajeti ya kukisia huanguka mapema.

Mstari ukisema "mafunzo, shilingi 1,200,000", msomaji haoni kitu. Uchambueni: washiriki 25, siku 2, nauli 10,000 kwa siku, hiyo ni 500,000. Chakula 8,000 kwa kila mtu kwa siku, 400,000. Ukumbi 150,000 kwa siku, 300,000. Jumla ni ileile, ila sasa anaona mmeshafika kijijini, mnajua hata nauli ya bodaboda. Kisha hakikisheni kila shughuli iliyomo kwenye maelezo ina mstari wake kwenye bajeti. Mkitaja ufuatiliaji bila kuutengea hata senti, ataliona pengo hilo upesi.

Nyaraka nazo zisisubiri tangazo la ruzuku. Kwa Tanzania, asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya NGO (mashirika yasiyo ya kiserikali) ya 2002 iwe na cheti, katiba, taarifa za mwaka zilizokwisha kufika kwa Msajili wa NGO na hesabu zilizokaguliwa, vyote kwenye faili moja.

Na mkikataliwa, andikeni barua ya heshima kuomba maoni ya wasomaji. Si kila mfadhili hujibu, lakini anayejibu huwaonyesha pa kurekebisha kabla ya dirisha lijalo la maombi.