Hadi diski kwenye Raspberry Pi 4: kuipa umeme na kuukata bila kuua data

Kama umechomeka hadi diski ya USB kwenye Pi 4, ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, halafu inalia tik tik na kupotea, usikimbilie kusema imekufa, mara nyingi ni njaa ya umeme tu. Poti zote nne kwa pamoja mwisho wake ni 1.2A, na diski ya inchi 2.5 ikianza kuzunguka inaweza kula karibu 1A peke yake, sasa ukiweka mbili unategemea nini? Andika kwenye terminal (dirisha la amri) vcgencmd get_throttled, amri ya kuuliza Pi kama umeme umepungua, ikijibu 0x0 uko poa, ikileta 0x50000 jua volti zilishashuka tangu uiwashe, kwahiyo tafuta chaja ya 5.1V 3A, au nunua habu (kifaa cha kuongeza poti za USB) yenye adapta yake ya umeme, mi naona habu ndo dawa.

Diski isiyo na kazi muda wote ilaze: sudo hdparm -S 120 /dev/sda (/dev/sda ni jina la diski ndani ya Pi), hapo ikikaa dakika 10 kimya inasimama yenyewe, maana hiyo 120 inazidishwa kwa sekunde 5. Kuna boksi za USB zinapuuza hiyo amri, ndo zilivyo.

Kukata umeme kabisa, kwanza umount, yaani itenganishe diski na mfumo. Ikigoma kuna programu imeishikilia, isake kwa lsof (amri ya kuonyesha mafaili yaliyofunguliwa), usilazimishe. Halafu udisksctl power-off -b /dev/sda, ngoja itulie, ndo uje na sudo uhubctl -l 1-1 -a off, inayokata umeme wa poti. Ila kwenye Pi 4 poti zote zinazimika kwa mpigo, kibodi nayo kwaheri, so ingia mapema kwa SSH, yaani kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao. Kurudisha umeme, kwenye hiyo amri ya uhubctl badala ya off weka on.